Fomu Haikuwa na Safu ya Dada

Mimi na dada yangu tunaumwa ugonjwa mmoja. Ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha, na naamini tumelirithi kwa marehemu mama yetu, aliyelalamikia kichwa na kizunguzungu miaka mingi kabla hajapimwa na mtu yeyote. Hata dawa tunazoandikiwa zinafanana. Mimi nakaa mjini Morogoro, chini ya mlima. Yeye anakaa Kinole, huko juu, kwenye mashamba ya ukoo wetu. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikichukua dawa zangu bila kutoa hata senti. Yeye, kwa muda unaokaribia miaka miwili, alikuwa akikata kidonge kimoja vipande viwili ili dawa imfikishe mwisho wa mwezi. Damu yetu ni moja na dawa ni moja. Tulipishana kwenye kadi.

Naandika habari hii kwa sababu aliyemshauri dada yangu asilipie kadi ni mimi. Nilimshauri kwa sauti ya mwalimu mkuu, yaani sauti ya mtu aliyezoea kwamba akishasema, watu huandika daftarini. Wenzangu wengi wanastaafu kila mwaka, nao wana akina dada kama wangu. Labda makosa yangu yatawafaa.

Nilizaliwa Kinole mwaka 1951. Msomaji asiyetufahamu sisi Waluguru hana budi kuelewa jambo moja kwanza. Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo hupita upande huo, na mjomba ndiye mwenye dhamana kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa hesabu hiyo watoto niliowazaa mimi ni wa ukoo wa mama yao, na watoto wa dada yangu ndio wa ukoo wangu. Siku hizi mambo yamechanganyika, mjini hasa, na mimi mwenyewe nimewalea watoto wangu kama baba yeyote mwingine. Lakini hata leo nikipanda Kinole, wale wajukuu wa dada hunikimbilia na kupokea mfuko wangu kabla sijaketi, na hakuna anayehitaji kuwaeleza kwa nini.

Ualimu niliusomea katika chuo cha Kigurunyembe, hapa hapa chini ya Uluguru, nikaanza kufundisha mwaka 1973. Wakati ule habari ya kulipia matibabu haikuwamo katika mawazo yetu. Tulikuwa watoto wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Zahanati zilijengwa vijijini, na mgonjwa alikwenda na ugonjwa wake tu. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku hata hospitali za watu binafsi zilizoendeshwa kwa faida, na hazikuruhusiwa tena mpaka mwaka 1991. Nilisimama mbele ya watoto wa darasa la tano nikawafundisha kwamba adui zetu ni watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kwamba tunapigana nao sote kwa pamoja. Sikuwadanganya. Ndivyo tulivyoamini.

Kisha ukaja mwaka 1993, na pamoja nao likaja neno "uchangiaji". Lilikuwa neno la upole, na maana yake ilikuwa kwamba mgonjwa sasa aje na fedha. Nakumbuka wazazi wakija ofisini kwangu kuomba karo isogezwe mbele kwa sababu mtoto mwingine amelazwa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ugonjwa una tabia ya kuja siku ambayo mfuko hauna kitu.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, nao ukaanza kazi Julai 2001. Mtumishi wa Serikali alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine. Walimu wangu walinung'unika sana. Nikawaita katika chumba cha walimu, nikachukua chaki, nikapiga hesabu ubaoni: mwenye mshahara wa shilingi 100,000 atakatwa shilingi 3,000. Mwalimu mmoja, mtu wa maswali kila siku, akauliza, "Je, Mwalimu Mkuu, nisipougua mwaka mzima nitarudishiwa?" Nikamjibu kwamba fedha yake itakuwa imemtibu mwenzake, na mwaka ujao ya mwenzake itamtibu yeye. Walicheka, wakasaini. Nilijiona nimefundisha somo zuri, na kwa kweli lilikuwa somo zuri. Tatizo ni kwamba sikulibeba mpaka Kinole.

Fomu yenyewe ilikuwa rahisi. Jina la mwanachama, jina la mwenzi, kisha wategemezi wasiozidi wanne. Mtegemezi aliweza kuwa mtoto au mzazi, wako au wa mwenzi wako. Mimi nilikuwa na watoto watano, wawili wameshakuwa watu wazima. Nikaandika watatu waliobaki, nikamwandika mama, nafasi zikajaa. Lakini kabla sijasaini niliipitia tena ile karatasi, juu mpaka chini, nikitafuta mahali pa dada. Hapakuwapo. Mama alikuwa na safu, hata mkwe alikuwa na safu, ila dada niliyenyonya naye ziwa moja hakuwa na safu, wala watoto wake ambao kwa mila zetu ni wangu.

Sikukasirika. Nilielewa kwamba mfuko hauwezi kubeba ukoo mzima; wa kwetu ukiuandika wote unajaza kata. Nilijiambia tu kwamba dada atasaidiwa kwa njia nyingine. Msomaji, jihadhari na hayo maneno "njia nyingine". Mtu huyatamka pale ambapo hajafikiri.

Nilistaafu mwaka 2011, nikiwa nimetimiza miaka 60. Nikalipwa kiinua mgongo, nikaezeka nyumba, nikaenda kubadilisha kadi ya bima. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu nzuri. Aliangalia karatasi zangu akasema, "Mzee wangu, hii sasa itakuwa ya kwako na mama tu." Nilifurahi, maana mama yangu alikuwa ameshapita miaka 80 na ndiye niliyekuwa nikimwogopea zaidi. Nikaanza kumshukuru. Kisha nikaona kwamba yule kijana anamtazama mke wangu aliyeketi kando yangu. "Mama" aliyemsema ndiye huyo.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kadi ya utumishi na kadi ya ustaafu ni vitu viwili. Ya utumishi ilibeba watu sita. Ya ustaafu inambeba mstaafu na mwenzi wake, bila wao kuendelea kuchangia, na hiyo ni neema kubwa ambayo sitaidharau kamwe. Lakini watoto hutoka, na wazazi hutoka. Mama yangu alitoka kwenye kadi akiwa katika umri ambao mtu huihitaji zaidi. Aliishi miaka mitatu mingine, tukamuuguza kwa fedha za mkononi, akatutoka mwaka 2014. Ningekuwa na akili ya kutosha ningejifunza pale pale. Nilihuzunika, nikazika, nikasahau.

Kabla sijaendelea, nieleze kwa nini watu wa kwetu hawamwamini haraka mgeni mwenye daftari. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Waliambiwa ni kwa faida ya kesho: udongo hautachukuliwa na mvua, watoto watapata mahali pa kulima. Lakini kazi ilikuwa nzito, na upande wetu wengi hawakuona mavuno yakiongezeka. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, na kule Matombo mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. Mimi nilikuwa na miaka minne tu, lakini nilikua nikisikia neno "matuta" likitamkwa kama watu wanavyotaja njaa. Mama alikuwa akisema, "Mtu akija kukueleza habari za kesho, kwanza muulize nani atachimba leo." Hata hivyo kule Mgeta, ambako watu hulima mboga na kuziuza, mashamba ya ngazi yapo. Mkulima hakatai kesho. Anataka kuiona ikianza kufika.

Sasa nirudi kwenye bima. Kwa watu wasio na mshahara kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza wilayani Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001. Kaya ililipa kiasi kidogo kwa mwaka, kila halmashauri ikijipangia, na Serikali ikaongeza kiasi kinacholingana na kilichochangwa. Jambo hilo liliitwa "tele kwa tele". Wazo lilikuwa zuri. Lakini kadi ile ilimfungia mtu kwenye kituo chake cha karibu, na mara nyingi kituo chenyewe hakikuwa na dawa. Sisi watumishi tuliiita bima ya maskini, nami nilikuwa mmoja wa walioiita hivyo. Mwaka 2018 mfuko huo ukaboreshwa nchi nzima. Kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, wanachama wakaandikishwa na kupigwa picha kwa simu kijijini kwao, na kadi ikafanya kazi kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, ilimradi mtu afuate utaratibu wa rufaa. Haya yote sikuyajua. Nilikuwa bado na picha ya kadi ya zamani kichwani mwangu.

Siku moja mwaka 2019 dada alinipigia kwa simu ya mwanawe. Huniita Mwalimu, kama kijiji kizima, ingawa yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu.

"Mwalimu, hapa kuna kijana anaandikisha watu bima kwa simu. Anataka elfu thelathini. Nimeuza mananasi, ninayo. Nitoe?"

"Dada, wewe una miaka mingapi?"

"Si unajua mwenyewe? Sabini na moja."

"Basi wazee wanatibiwa bure. Ni sera ya Serikali. Usimpe mtu hela yako."

Akasema haya, akakata simu. Baadaye nilisikia kwamba zile fedha zilinunua sare za shule za wajukuu, nikaona nimemwokolea hela.

Nilichomwambia kipo kweli. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya mwaka 2003, na imeagiza kwamba wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee, na vibao vinavyowataka wengine wampishe mzee. Lakini kuna mambo matatu niliyoyaruka. La kwanza, msamaha ule ni wa mzee aliyetambuliwa, mwenye kitambulisho, na kitambulisho kinataka safari na picha na kungoja. La pili, kumwona mganga bure ni jambo moja na kupata dawa ni jambo jingine. Dawa ikiwa imekwisha, msamaha hauendi nao dukani. La tatu, msamaha ni wa mzee peke yake. Nyumbani kwa dada kulikuwa na watu sita: yeye, binti yake, na wajukuu wanne. Nilimhesabu mmoja nikawasahau watano.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Dada alikwenda kituoni, akapokelewa vizuri, akapimwa, hakudaiwa kitu. Kisha akaambiwa, "Mama, dawa hii imetuishia, kanunue." Akanunua. Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo. Mwezi wa tatu akaanza kukata kidonge. Nusu asubuhi ya leo, nusu asubuhi ya kesho. Katika miezi hiyo hiyo mimi nilikuwa nikitoka hospitali na fomu yangu, kwa sababu mwenye kadi ya Mfuko akikosa dawa hospitalini huandikiwa akaichukue katika duka la dawa lililosajiliwa. Nilikuwa nikipokea pakiti nzima, nikinunua na gazeti njiani.

Mwezi wa Aprili 2021, masika ikiwa imekolea, dada alianguka jikoni asubuhi. Kiharusi. Vijana walimteremsha kwa machela kwa sababu njia ilikuwa tope na pikipiki hazikuthubutu, kisha wakapata gari, wakashuka kupitia Mkuyuni na Kiroka mpaka mjini. Nilimkuta amelala, mkono wa kulia na mguu wa kulia havina nguvu, ulimi mzito. Nilishika ule mkono. Ndio mkono ulionifundisha kushika jembe.

Wiki tatu alizolazwa zilinigharimu fedha ambazo zingelipia kadi ya kaya yake kwa zaidi ya miaka kumi. Nisimdanganye msomaji. Si kila kitu katika gharama zile kingelipwa na kadi ya elfu thelathini, na kadi yenyewe haizuii kiharusi. Zahanati isiyo na dawa haina dawa kwa mwenye kadi pia. Lakini mwenye kadi angekuwa na haki ya kupewa rufaa mapema, kabla ya mwaka wa pili wa kukata vidonge, na mtu aliyelipa huuliza. Dada yangu hakuuliza. Ulimi wake ulipopata nafuu nilimwuliza kwa nini hakuniambia kwamba dawa anainunua. Alichukua muda mrefu kutafuta maneno.

"Ulisema ni bure, Mwalimu. Nikaona haya kukuletea habari ya hela."

Hilo ndilo neno lililonitoa usingizi, na ndilo lililonifanya nikae chini na daftari.

Nilipiga mistari, nikatengeneza safu nne kama ratiba ya masomo. Safu ya kwanza msamaha wa wazee: hauna malipo, unamhusu dada peke yake, dawa ni bahati. Safu ya pili Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa: shilingi 30,000, watu sita, mwisho wake hospitali ya mkoa. Safu ya tatu vifurushi vya Mfuko wa Taifa vilivyoanzishwa mwaka 2019 kwa watu wasio watumishi, yaani Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Hivyo vilipangwa kwa umri. Kijana wa miaka 18 hadi 35, akiwa peke yake, alianzia shilingi 192,000 kwa mwaka, na bei ikapanda jinsi umri ulivyopanda, kwa hiyo kwa mtu wa umri wa dada ilikuwa laki kadhaa, na ingekuwa yake tu, bila wajukuu. Safu ya nne bima za kampuni binafsi. Niliiendea kampuni moja. Walinikaribisha kwa chai, kisha wakanieleza kwamba hawaandikishi mwanachama mpya wa umri ule. Safu ya nne nikaifuta.

Nilipoitazama ile ratiba nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa nikiuliza swali lisilofaa. Nilikuwa nikiuliza ipi ni bima bora. Kwa swali hilo kadi yangu hushinda kila siku, na kadi ya elfu thelathini huwa ya mwisho. Lakini kadi yangu haiwezi kupanda Kinole. Swali lililofaa lilikuwa hili: nani ananitegemea, anaishi wapi, na akiugua usiku atafikishwa wapi kwanza? Kwa dada jibu lilikuwa zahanati ya karibu, na baada yake kituo cha afya, na baada yake hospitali ya mkoa. Njia hiyo hasa ndiyo iliyofuatwa na ile kadi niliyoidharau.

Nikapanda Kinole. Nilimwandikisha dada, binti yake na wale wajukuu wanne, sita kamili, na kijana wa kuandikisha akawapiga picha mmoja mmoja chini ya mti wa karafuu. Nikaongeza jambo la pili. Kila mwezi pensheni ikiingia natoa shilingi 10,000, naziweka katika bahasha iliyoandikwa "dawa ya dada", na binti yake huzitumia pale dawa inapokosekana. Kitambulisho cha mzee nacho tulikihangaikia mpaka kikapatikana, kwa sababu mzee hana sababu ya kuacha haki yake. Hakuna mpango hata mmoja kati ya hiyo mitatu unaotosha. Ikiwa pamoja inasogea.

Mwaka uliofuata mjukuu wa tatu alianguka kutoka juu ya mfenesi akavunjika mkono. Zahanati ikamfunga, kituo kikaandika rufaa, hospitali ya mkoa ikamtibu. Mama yake alinipigia simu jioni. Nilishika kalamu tayari kuandika kiasi kinachotakiwa. Akasema, "Mjomba, nilitaka tu kukuarifu. Hatudaiwi kitu." Nilikaa na ile kalamu mkononi kwa muda.

Mimi pia nilipata somo langu. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa ulianza kutumia kitita kipya cha bei, ukatokea mvutano na hospitali za watu binafsi, na baadhi ya hospitali zikasitisha kuwahudumia wanachama. Nilifika katika kituo nilichokizoea nikaambiwa kwa heshima kwamba kwa sasa kadi haipokelewi. Nilisimama pale na kadi yangu kama mtu aliyeshika tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka. Nikaenda hospitali ya Serikali, nikapanga foleni, nikatibiwa. Hakuna madhara yaliyonipata. Lakini dakika zile chache mlangoni zilinitosha kujua alivyojisikia dada aliposikia "kanunue". Kadi, hata kubwa, ni mapatano kati ya watu, na mapatano huyumba.

Mambo haya yanaendelea kubadilika. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima na wasiojiweza wagharamiwe. Vifurushi vya mwaka 2019 navyo vimeshapisha vingine vyenye majina ya Ngorongoro na Serengeti. Majina yatabadilika na bei zitabadilika, kwa hiyo sitamwambia msomaji achukue kadi gani. Ninayo machache tu ya kumwambia mtumishi anayekaribia kustaafu.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, chukua kadi yako usome nani atabaki na nani atatoka. Usingoje kuambiwa na kijana wa dirishani. Wale watakaotoka, na wale ambao hawakuwahi kuwa na safu, waandike katika daftari lako mwenyewe, kwa sababu fomu ya ofisi imeandikwa na watu wasioujua ukoo wenu. Lipia kadi zao wakiwa wazima, maana bima hainunuliwi wodini. Na ukimshauri mtu kuhusu afya yake, mrudie baada ya mwezi umwulize ushauri wako umefika wapi. Mwanafunzi aliyekosea hesabu tulimwona kwenye daftari lake. Hawa wa nyumbani hawatuletei daftari.

Mwaka 2024, siku ya kulipia tena ile kadi, nilipanda Kinole na elfu thelathini mfukoni. Dada alikuwa ameketi kibarazani, akimenya tangawizi kwa mkono wa kushoto, kazi aliyoianza upya kama mtoto. Alinipokea, akamwita mjukuu alete kopo. Akatoa noti ya shilingi 10,000 na nyingine mbili za 2,000, akaninyoshea.

"Na mimi nichange, Mwalimu. Hiyo ndiyo ya mananasi."

Nilitaka kukataa. Nikakumbuka nilichowaambia walimu wangu ubaoni mwaka 2001, nikanyoosha mkono nikazipokea, nikaongeza zangu 16,000.